Theluji ya mwenye nyumba, bili ya mpangaji

Wiki iliyopita dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipigia simu kutoka Minneapolis, kule Marekani. Hapa Dar ilikuwa saa nane usiku. Simu za saa hizo mara nyingi hazina heri, kwa hiyo niliipokea huku moyo ukinidunda.

"Shikamoo dada. Kwema?"

"Marahaba mdogo wangu. Kwema, ila nyumba inavuja."

Nikashusha pumzi. Mtu wa mabondeni kama mimi hafundishwi habari za kuvuja. Nikamuuliza mvua imeanza saa ngapi.

"Mvua gani wewe? Huku nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri. Inavuja theluji!"

Jamani, usingizi wote ukaniisha. Theluji ninayoijua mimi ni ile ya kilele cha Kilimanjaro, nayo nimeionea dirishani nikiwa kwenye basi. Kitu kilichoganda kinavujaje kwenye baridi kama hiyo? Lakini hilo silo lililomfanya anipigie. Mwenye nyumba wake amekuja na dawa. Atafunga nyaya za umeme kwenye ukingo wa paa, zipate moto, ziyeyushe theluji. Nyaya atanunua yeye. Umeme utapita kwenye mita ya dada.

"Wewe si ndiye mwandishi wa habari?" akaniambia. "Hebu ulizauliza, uniambie kama nikubali."

Nimeulizauliza na kusoma wiki nzima, na msimamo wangu ni huu: kuyeyusha theluji ya paa kwa joto ni msaada tu. Paa likijengwa vibaya, joto haliligeuzi kuwa paa zuri. Linachofanya ni kumhamishia mtu mwingine gharama za ubovu wake.

Tuanze na huko kuvuja. Nyumba za kule hupashwa joto ndani usiku na mchana. Joto hupanda juu. Kama juu ya dari hakuna kitu cha kutosha cha kulizuia, linapenya na kulipasha paa. Theluji inayogusana na paa inaanza kuyeyuka kwa chini, na maji yake yanateremka taratibu hadi kwenye upenu. Upenu umetokeza nje ya ukuta, hauna chumba chenye joto chini yake, kwa hiyo maji yakifika pale yanaganda. Siku mbili tatu barafu imeshajenga tuta. Maji mengine yakija yanakuta njia imezibwa, yanatuama, yanapenya katikati ya vigae na kuingia ndani. Ndiyo hayo yanayodondokea kitanda cha dada.

Umeona kichekesho chake? Ugonjwa wenyewe ni joto. Dada analipia joto la kupasha nyumba, joto hilo linatorokea darini na kuharibu paa. Sasa anatakiwa alipie joto la pili ili kurekebisha yaliyofanywa na joto la kwanza!

Na joto la kuyeyusha theluji si la mchezo. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu linatosha kuyapasha maji kilo moja kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Chukua paa la mita za mraba 100 lenye theluji mpya ya sentimita 30. Theluji hiyo inaweza kufika tani 3. Kuiyeyusha yote kunataka takribani uniti 280 za umeme, na hapo hatujahesabu joto litakalopotea hewani. Wewe unayenunua uniti za LUKU unajua hiyo maana yake nini. Na ikidondoka tena wiki ijayo, unaanza upya.

Nyaya za mwenye nyumba hata haziwezi kazi hiyo. Zinachoweza ni kutoboa vijia kwenye tuta la barafu ili maji yapite. Zinasaidia, sikatai. Lakini umeme ukikatika usiku wa baridi kali, vijia vinaganda na tuta linarudi.

Tena si nyumba za wapangaji tu. Mji huohuo wa dada ulishawahi kutoa somo mbele ya dunia nzima. Palikuwa na uwanja mkubwa uliofunikwa, Metrodome, uliofunguliwa mwaka 1982. Paa lake lilikuwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, na kilichokishikilia juu ni hewa iliyosukumwa na mafeni. Katika mji wa theluji nyingi, watu walijenga paa la puto! Theluji ingeondokaje? Kwa joto. Hewa ya moto ilipulizwa katikati ya tabaka mbili za paa ili theluji iyeyuke. Siku nyingi mpango ulifanya kazi. Lakini Desemba 2010 ikaja dhoruba ya theluji ya zaidi ya sentimita 40. Mafundi walipanda juu na maji ya moto, upepo ukawa mkali, wakalazimika kushuka. Alfajiri ya tarehe 12 kitambaa kikachanika na theluji ikamwagika uwanjani. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia, maana uwanja ulikuwa mtupu. Mechi iliyokuwa ichezwe pale ikahamishiwa Detroit.

Hapo ndipo ninapopata hoja yangu. Chombo cha kuyeyusha theluji kinahitajika zaidi usiku ule ule ambao dhoruba inakizidi nguvu.

Metrodome ulibomolewa mwaka 2014, na uwanja mpya ukafunguliwa mahali palepale mwaka 2016. Safari hii paa limeinama sana ili theluji iteleze yenyewe, na joto limewekwa kwenye gata inayoipokea huko chini. Kazi kubwa inafanywa na mwinamo, joto linamalizia.

Najua kuna atakayeniambia, "Wewe uko Dar unakula upepo wa bahari, unajua nini?" Ana haki. Kupanda paani na chepe kunaua. Majira ya baridi ya 2005 hadi 2006, Japani ilipoteza watu 152 kwa mambo ya theluji, wengi wao wazee, na wengi walikuwa katika kazi ya kuiondoa. Kwa bibi wa miaka 80 anayeishi peke yake, paa linalojiyeyushia theluji ni uhai wake. Huyo sina la kumpinga. Lakini angalia wenzetu wanavyofanya: huko Niigata zipo halmashauri zinazowachangia wenye nyumba gharama za mapaa ya kustahimili theluji, yakiwemo ya kuyeyusha. Mzigo unagawanywa. Hautupiwi aliye dhaifu kuliko wote.

Na tusiwacheke Wamarekani. Sisi hapa mjini tunapanga maghorofa ya vioo kwenye jua la Januari, halafu tunanunua viyoyozi vipambane na vioo vyetu wenyewe. Bili nani analipa? Mpangaji.

Basi nikampigia dada. Nikamwambia asikubali nyaya kwenye mita yake. Amwambie mwenye nyumba azibe matundu ya darini na atandike pamba ya kuzuia joto, paa libaki la baridi, theluji ikae ilivyo hadi iondoke yenyewe. Ikizidi, iburutwe kwa reki ya mpini mrefu mtu akiwa amesimama chini. Kama mwenye nyumba bado anazitaka nyaya zake, aziunganishe kwenye mita yake.

"Akikataa?"

Hapo sikuwa na jibu la haraka. Ni rahisi kuwa jasiri kwa niaba ya mtu aliye mbali, ambaye akifukuzwa hana pa kulala kwenye baridi ile. Nikamwambia aandike barua, aweke nakala, na apige picha kila tone.

Jana amenitumia ujumbe. Barua ameshapeleka. Ndoo bado iko kitandani, yeye analala kwenye kochi.

Naomba kutoa hoja.