JIKONI KWETU: Nyama ngumu inataka muda, haitaki kuni nyingi

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tuliongea juu ya uji wa watoto wadogo. Mwezi huu tuongee juu ya nyama. Najua kuna mtu atacheka aseme, "Mwalimu, nyama yenyewe iko wapi?" Ni kweli. Kwenye mgao hatujazoea kuona nyama. Lakini inakuja mara moja moja: siku ya Noeli, siku ya Idi, siku ya ubatizo, siku mtoto amefaulu mtihani, au siku baba amepata kibarua. Na ikija, mara nyingi ni ile ya bei ya chini: shingo, muundi, kichwa, makongoro, utumbo, au jogoo mzee wa hapo nyumbani.

Nyama ya namna hiyo ndiyo bibi zetu walijua kuipika. Wakongomani waliofika hapa Nyarugusu tangu 1996 kutoka Fizi, Uvira na kwingine Kivu, wanaipika na mawese, tomati na kitunguu, inaliwa na bugali na sombe. Ndugu zetu Warundi waliofika 2015 na baada yake, wengi wanaichanganya na ndizi au na maharage katika sufuria moja. Majina ni tofauti lakini wote tunakubaliana kwamba iive polepole mpaka iachane na mfupa, na mchuzi uwe mzito. Sisi tuliozaliwa hapa kambini, nchi ya wazazi wetu tunaijua kwa chakula kama hicho kuliko kwa ramani. Ndiyo maana siku ya sufuria hiyo nyumba inakuwa na furaha, hata kama nyama ni nusu kilo.

Sasa shida iko wapi? Shida ni kuni.

Watu wengi wanafikiri kupika nyama ngumu ni kuwasha moto mkubwa muda wa saa tatu au nne. Sufuria iko wazi, maji yanakauka, yanaongezwa, yanakauka tena. Jioni mzigo mzima wa kuni umeisha. Na huo mzigo nani aliuleta? Sisi walimu tunajua, kwa sababu siku za kuni wasichana wanapungua darasani. Wazazi nao wanajua hatari inayowapata mama zetu na dada zetu huko porini: kupigwa, kunyang'anywa panga, na mengine mabaya zaidi ambayo siyaandiki hapa kwa sababu watoto wanasoma, lakini kila mtu anayafahamu. Kwa hiyo leo tukiongea juu ya nyama, tunaongea pia juu ya safari moja ya porini ambayo binti yako anaweza asiende.

KWA NINI NYAMA INAKUWA NGUMU?

Muundi ni nyama iliyotembea sana, na shingo imebeba kichwa maisha yote ya mnyama. Nyama iliyofanya kazi nyingi inakuwa na vitu vyeupe katikati ya nyuzi zake, vinaitwa kolajeni. Hivyo ndivyo vinavyovutika ukitafuna. Kolajeni ikikaa kwenye maji ya moto muda mrefu inalainika na kugeuka jelatini. Jelatini ndiyo inayofanya mchuzi wa makongoro ushike midomo, na ukipoa ugande.

Kazi hiyo haihitaji maji yanayoruka nje ya sufuria. Joto la nyuzi 80 au 90 linatosha, ila muda uwepo. Tena kuna jambo tunalofundisha darasani ambalo linafaa jikoni: maji yakishachemka, joto lake halipandi tena. Kwenye usawa wa bahari yanaishia nyuzi 100. Huku kwetu Kasulu, kwa kuwa ni kwenye mwinuko, yanachemka kabla hayajafika 100. Ukisukuma kuni nyingine tatu, nyama haipati joto zaidi. Maji tu ndiyo yanageuka mvuke na kwenda zake, na wewe unaongeza mengine ya baridi ambayo yanataka kuni tena.

NAMNA YA KUPIKA

Hii ni kwa nyama nusu kilo, familia ya watu sita mpaka wanane, pamoja na maharage.

1. Maharage yaloweke usiku mzima. Yachemshe peke yake mpaka yalainike, ndipo yachanganywe na nyama. Usiyatie tomati mapema, maana uchachu wa tomati unachelewesha maharage kuiva.

2. Andaa kila kitu kabla ya kuwasha moto. Nyama imekatwa, vitunguu vimekatwa, maji yako karibu. Kuni ziwe kavu na zimepasuliwa nyembamba. Moto unaokusubiri wewe umenye kitunguu ni moto wa bure.

3. Nyama ikate vipande vidogo. Inaiva upesi, na kila mtu atapata. Mifupa usitupe, iingie yote.

4. Pasha mafuta vijiko viwili, ya mgao au mawese. Kaanga nyama mpaka ipate rangi ya kahawia. Usiirundike, kaanga kidogo kidogo. Hapa moto uwe na nguvu, lakini ni dakika kumi tu. Ladha nzuri ya mchuzi inatoka hapa.

5. Tia vitunguu viwili, halafu tomati tatu au nne, na chumvi. Kama una kitunguu saumu au tangawizi, tia. Ongeza maji yafike karibu kufunika nyama, yasizidi.

6. Funika. Kifuniko kama ni chepesi, weka jiwe juu. Kama huna kifuniko, tumia majani ya mgomba na sahani juu yake. Ikichemka tu, vuta kuni nje, bakiza moja au mbili. Uone mapovu madogo yanapanda moja moja. Acha saa mbili. Jogoo mzee na makongoro yanaweza kufika saa tatu au zaidi. Usifunue kila mara kuonja.

Wengine wanauliza juu ya majani ya mpapai. Ni kweli yanasaidia. Mpapai una kitu kinaitwa papaini, kinavunja ugumu wa nyama. Ponda majani mabichi, funga nayo nyama mbichi muda wa saa moja, au tia vipande vichache vya papai bichi kwenye sufuria. Usilaze nyama humo usiku mzima, itakuwa kama uji. Na magadi? Magadi yanalainisha, lakini yanaharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo yawe kidogo sana au uyaache. Kuloweka maharage ni bora kuliko magadi.

KIKAPU CHA JOTO

Hii ndiyo njia ninayoipenda zaidi kwa sababu nyama inaiva bila moto. Chukua kikapu kikubwa au boksi gumu. Weka ndani nyasi kavu zilizobanwa vizuri, au nguo kuukuu na blanketi lililochakaa. Chini, pembeni na juu, unene uwe kama upana wa kiganja. Katikati acha nafasi ya kutosha sufuria yako tu.

Pika kama nilivyosema juu, lakini maji yafunike nyama kabisa, na sufuria ijae zaidi ya nusu. Sufuria yenye chakula kidogo inapoa haraka. Ikishachemka dakika 30 na kifuniko chake, iondoe motoni, ifute chini vizuri kusiwe na cheche wala kaa lililong'ang'ania, halafu iweke kwenye kikapu upesi na uifunike juu kwa mto wa nyasi au blanketi. Ifunge. Mama, sasa nenda zako kliniki, nenda kanisani, nenda kwenye foleni ya mgao. Baada ya saa tatu au nne rudi, toa sufuria, irudishe motoni mpaka ichemke kabisa, ndipo mle.

Mambo matatu msisahau. La kwanza, kikapu kikae mbali na moto na mbali na ukuta wa nyasi. Tunajua nyumba zetu zinavyoshika moto wakati wa kiangazi. La pili, msilaze nyama humo mpaka asubuhi. Ikishakuwa vuguvugu, vijidudu vinazaliana, na tumbo la mtoto ndilo linaumia kwanza. La tatu, msiache kuchemsha tena kabla ya kula, hata kama nyama inaonekana imeiva.

Na neno moja kwa wapenzi wa sombe, ambayo Watanzania wanaita kisamvu. Majani ya muhogo yana sumu ambayo inatoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha sufuria ikiwa wazi. Kwa hiyo sombe ichemke kwanza bila kifuniko. Ikishaiva, ndipo uichanganye na nyama na mawese, ufunike, na moto upungue.

NANI ALE NYAMA?

Hapa wababa mnisamehe, mimi ni mdogo wenu, lakini niseme. Katika nyumba nyingi vipande vinaenda kwa baba na mgeni, watoto wanachovya mchuzi. Mchuzi ni mtamu, lakini nguvu nyingi ya nyama inabaki ndani ya nyama yenyewe. Mtoto mdogo na mama mjamzito ndio wanaohitaji zaidi madini ya chuma kwa ajili ya damu, na nyama ina madini hayo kwa namna ambayo mwili unayapokea kwa urahisi. Tena nyama hata kidogo ikiliwa pamoja na maharage au mboga za majani, inasaidia mwili upate chuma kilichomo kwenye maharage na mboga. Ndiyo maana nimesema ikatwe ndogo na ipikwe na maharage. Mtoto ambaye hajaota meno ya kutosha, mponde nyama yake na uichanganye kwenye bugali. Nyama iliyopikwa polepole inapondeka kwa kijiko tu. Na bibi asiye na meno naye atashukuru.

Sisemi muuze unga wa mwezi mzima ili mpate nyama ya siku moja. Hapana. Unga ukiisha tarehe 15, ladha ya nyama hamtaikumbuka. Bora familia mbili au tatu zinunue pamoja, zipike katika sufuria moja kubwa na kwa moto mmoja. Jirani yangu mmoja Mrundi na mama wa Kikongomani wa mlango wa pili walifanya hivyo siku ya Pasaka. Mmoja alileta shingo ya mbuzi, mwingine maharage na mawese. Watoto wote kumi na mmoja wakashiba, na kuni zilizobaki zikapika uji wa kesho yake.

Jambo la mwisho: mnyama aliyekufa mwenyewe, msimle. Kuna ugonjwa unaitwa kimeta ambao unaambukiza hata mtu anayechuna ngozi au kukata nyama. Kuchemsha siku nzima siyo dawa ya hilo. Toeni habari kwa viongozi wa kijiji.

KAZI YA WATOTO

Ombeni mama ruhusa, na mtu mkubwa awepo karibu. Chukueni vikombe viwili vya maji, mtie kwenye sufuria ndogo, mchemshe bila kifuniko. Hesabuni vijiti vya kuni mlivyotumia. Kisha mchemshe maji kiasi kile kile na kifuniko, muhesabu tena. Andikeni namba zote mbili kwenye daftari mniletee shuleni. Wasichana na wavulana wote wafanye, maana kuni siyo kazi ya dada peke yake.

Mwezi ujao tutaongea juu ya mboga za kupanda kwenye magunia kando ya nyumba. Kama una njia yako ya kulainisha nyama, ya Kivu, ya Burundi au ya kwingine, iandike au mwambie mtoto wako aiandike, uipeleke kwa mwalimu yeyote. Tutaiweka katika ukurasa huu.

Kaeni salama, na mpike vizuri.

Mwalimu wenu wa kujitolea