Mtambo Haubishi Hodi

Kwa miaka kadhaa nilijivunia wepesi. Kila nilipochapisha shairi katika blogu yangu, programu niliyoiunganisha ililichukua papo hapo na kulisambaza katika mitandao ya kijamii, bila mkono wangu. Nilijiona nimepata tarishi asiyechoka wala kudai ujira.

Tarishi huyo aliniaibisha. Alipofariki mwalimu aliyenifunza arudhi, nilimtungia beti saba za maombolezo. Nilizianza kwa lawama: mbona ameniacha, mbona hakuniaga? Lawama hizo zilikuwa kilio, na ubeti wa mwisho ulizigeuza kuwa dua. Programu ilichukua ubeti wa kwanza peke yake. Mwanawe akausoma katika simu, angali matangani, akanipigia: "Kaka, baba alikukosea nini?" Nilimsomea beti zote kwa sauti, akaelewa. Hata hivyo, swali lake limenikaa moyoni hadi leo.

Wapo wasemao kwamba tatizo ni nafasi tu. Ni kweli kwamba Twitter, ambayo sasa huitwa X, ilipanua kipimo chake mwaka 2017 kutoka herufi 140 hadi 280. Ubeti wa tarbia wenye mizani 16 kila mshororo huenea humo. Wa pili hukatika. Lakini hata nafasi ingekuwa tele, mtambo usingejua nani amefiwa, wala saa ipi ni ya kunyamaza. Adabu yetu ni kuwafikia wafiwa kwanza, ndipo tutangaze.

Sisemi tujifungie ndani. Tungo za Kiswahili zimezoea safari. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilizifikisha mbali mno na vijiji vya watunzi wake. Tofauti ni kwamba pale palikuwa na mhariri, mtu aliyesoma kabla ya kuchapa.

Tena, njia hizi si mali yetu. Mwezi Agosti 2018 Facebook ilizizuia programu za nje kuchapisha katika kurasa binafsi za watumiaji. Aliyemwachia mtambo kazi yote akajikuta hana wa kumpelekea ujumbe.

Mimi nimekwisha kuikata ile programu. Sasa shairi hubaki kwangu usiku mmoja. Kesho yake humpelekea kwanza yule ninayemtaja, kisha nachagua mwenyewe ubeti wa kuuweka mtandaoni, naandika maneno mawili matatu ya utangulizi, na kuonyesha pa kusoma lililosalia. Kazi hiyo hunichukua robo saa, na pengine wasomaji wamepungua.

Mtunzi mwenzangu, habari za kawaida mwachie mtambo ukipenda. Lakini tungo yenye jina la mtu ndani yake, ipeleke mwenyewe.