Mtutu Mpya na Chungu Kipya

Mama mwenye nyumba anunuapo chungu kipya sokoni Konyo Konyo, hakipikii mchuzi siku ile ile. Hukiosha, akakichemshia maji, akakiacha kipoe, ndipo akitie kazini. Ndugu zetu askari wapendao mashindano ya shabaha nao wana swali la namna hiyo: je, mtutu mpya wa bunduki hauna budi kuzoezwa kabla ya kuaminiwa?

Kwanza yafaa tuelewe sababu. Ndani ya mtutu mna mifereji iliyojipinda, nayo huizungusha risasi ili isiyumbe angani. Chombo kilichochonga mahali risasi inapoanzia safari yake huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa jicho. Risasi yenye koti la shaba ipitapo hapo huparuzwa, na moto wa baruti huichukua shaba hiyo na kuibandika mbele ndani ya mtutu. Shaba ikirundikana, risasi hutawanyika ubaoni.

Ndiyo maana watengenezaji wengine, kama Krieger wa Marekani, huagiza hivi: safisha kwanza mafuta ya kiwandani, piga risasi moja, kisha safisha hadi shaba itoke, rudia mara kadhaa. Halafu piga risasi chache zaidi kabla ya kila usafi. Dawa ya kuyeyusha shaba hukitia kitambaa rangi ya buluu au kijani. Rangi hiyo ikififia, mikwaruzo imelainika. Mtutu uachwe upoe baina ya mapigo.

Lakini wajuzi hawakubaliani. Gale McMillan, fundi mashuhuri wa mitutu huko Marekani, alilipinga jambo hili akisema kwamba hupunguza maisha ya mtutu bila faida. Wengine huongeza kwamba ufito wa kusafishia, ukitiwa ovyo, hudhuru kuliko shaba yenyewe. Katika hili pande zote mbili zina la kutufunza: anayesafisha asafishe kwa utaratibu, na mdomo wa mtutu usikwaruzwe, kwani ndio unaoiaga risasi.

Sasa turudi nyumbani Juba. Bunduki izoelekayo machoni petu ni Kalashnikov, na kwa kawaida mtutu wake umepakwa kromu ndani. Kromu ni ngumu mno. Risasi chache za kuzoeza haziwezi kuilainisha. Basi askari mwenye bunduki hiyo asipoteze risasi za serikali kwa desturi isiyomhusu. Akumbuke tu kwamba ufito wake huingilia mdomoni, kwa hiyo kile kifuniko chenye tundu kilichomo katika kikopo cha vifaa kivikwe mdomoni ili kiuongoze ufito katikati.

Adui wa kweli wa mtutu hapa kwetu ni chumvi. Risasi nyingi za zamani zina fataki, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ambazo huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na kuanzia Aprili hadi Oktoba, majira ya mvua, unyevu hatukosi. Mafuta hayaiyeyushi hata kidogo. Huifunika tu, nayo kutu ikaendelea chini yake. Dawa yake ni maji. Askari waliobeba bunduki za Lee-Enfield walimimina maji ya moto mtutuni baada ya shabaha, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta. Nasi tufanye vivyo hivyo siku ile ile, bila kusahau bomba la gesi na pistoni, kisha tukague tena kesho yake. Kromu husaidia, lakini haifuti uzembe.

Liko na jambo la akina mama na watoto. Lugha yetu huita madini ya risasi na risasi ya bunduki kwa jina moja, na si bure. Moshi wa fataki na masizi ya mtutu huwa na vumbi la madini hayo, nayo hudhuru akili ya mtoto anayekua. Baba atokapo uwanjani anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumpakata mtoto; sare yake ifuliwe peke yake. Usafi wa bunduki usifanyiwe jikoni wala juu ya mkeka wa kulalia, na vitambaa vilivyotumika visiwe vitu vya kuchezea.

Na kabla ya yote hayo, magazini itolewe, chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, na risasi ziwekwe mbali na mahali pa kazi. Chungu kikipasuka, mchuzi humwagika na kingine hununuliwa. Risasi iliyosahaulika chembani haina sokoni pa kununulia fidia yake.