Mdudu Huyu Si Panzi

Mfugaji wa Migori au Homa Bay aonapo nepia yake imedumaa na kugeuka manjano, aghalabu huulaumu udongo. Kumbe huenda mkosaji ni mdudu mwenye urefu wa milimita chache tu. Mwaka 2009 watafiti nchini Kenya walibainisha kuwa Recilia banda, ambaye sasa huitwa Maiestas banda, hueneza vijimelea vya faitoplazma vinavyodumaza nyasi hizo. Hufyonza utomvu wa mmea mgonjwa, kisha akauambukiza ulio mzima.

Jamaa za mdudu huyu hufanana mno, hata mtaalamu hulazimika kuchunguza viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini. Aina mpya haitambuliwi rasmi mpaka sifa zake zichapishwe, kielelezo kitengwe, na jina la Kilatini litolewe.

Sisi wanaisimu tunajifunza nini hapo? Kwamba jina ni mpaka. Darasani tunamwita kila mdudu arukaye nyasini 'panzi', ilhali panzi hutafuna na huyu hufyonza. Kosa hilo la msamiati humpotosha mkulima: atatafuta majani yaliyoliwa, asiyaone, kisha atauongezea mbolea mmea uliokwisha kuambukizwa.

Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kiko Mbita, humo humo Homa Bay. Walimu wa Kiswahili na wa sayansi, tuketini pamoja na wanafunzi wetu tumwelezee mdudu huyu kwa lugha yetu, kisha tumpe jina. Elimu isiyotajika kwa lugha ya mkulima haifiki shambani.