Weka Kitunguu Ukutani, Karen Si Lazima

Wasee, nina maoni moja na najua wengine mtacheka: picha poa zaidi unayoweza kuweka kwa keja yako mwaka huu ni ya kitunguu. Ndiyo, kitunguu. Ile ya kumi unanunua kwa mama mboga jioni.

Naongea kuhusu zile picha za zamani za mimea. Unazijua: mmea mmoja katikati ya karatasi, mizizi ikiwa nje, jina la Kilatini limeandikwa chini. Utaziona kwa mikahawa ya Westlands na kwa video za watu wakizungusha simu ndani ya nyumba zao za Kilimani. Kwa hivyo sisi wa Umoja, Kayole na Dandora tumeamini hizo ni vitu za wenye doo, na tukabaki na kalenda ya bucha na picha ya graduation ya binamu.

Hapo ndipo nakataa.

Mwaka wa 1885 Mjerumani anaitwa Otto Wilhelm Thomé alichapisha kitabu cha mimea ya Ujerumani, Austria na Uswisi. Ndani kuna kitunguu maji, kuna kitunguu saumu, zote zimechorwa kwa rangi. Jina la hicho kitabu ni refu sana, lakini angalia vile linaisha: kwa shule na nyumba. Yaani hizi picha zilitengenezewa watoto wa shule na watu wa kawaida sebuleni. Kuzifanya za matajiri kulikuja baadaye, wakati mtu aligundua anaweza kuziuza na fremu ya dhahabu.

Na wachoraji wenyewe hawakuwa wote watu wa kunywa chai na malkia. Elizabeth Blackwell alikuwa London, mume wake amefungwa jela kwa sababu ya madeni. Akahamia karibu na bustani ya dawa ya Chelsea, akaanza kuchora mimea. Alichora mwenyewe, akachonga sahani za shaba mwenyewe, akapaka rangi kwa mkono. Kati ya 1737 na 1739 akatoa picha 500, na pesa ya hicho kitabu ikasaidia kumtoa bwana yake ndani. Kama hiyo si hustle ya Eastlands, sijui ni nini.

Mtu atauliza, kwa nini kitunguu na si waridi? Kwa sababu waridi kila mtu hulitazama. Kitunguu tunakata tukilia, tunatupa kwa mafuta, imeisha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nasomea mimea, lakini hizi picha zimenifunza vitu sikuwahi kuambiwa darasani. Kwa mfano, kitunguu si mzizi. Mizizi ni zile nywele za chini. Kile tunakula ni majani yaliyonenepa, yamejikunja moja juu ya lingine, yamebeba akiba ya chakula. Akiba ya nini? Ya maua. Kitunguu huota mwaka wa kwanza, kinajaza tumbo, halafu msimu unaofuata kinatoa bua na kichwa cha mviringo chenye maua madogo mengi. Wengi wetu wa mjini hatujawahi kuona hayo maua, kwa sababu sisi hukila kabla hakijafika huko. Mchoraji wa zamani anakuonyesha maisha yote ya mmea kwa karatasi moja. Simu yako haiwezi, hata ikiwa na kamera nne.

Sasa mambo ya pesa. Thomé alikufa 1925, hakimiliki yake iliisha kitambo, na picha zake ziko bure kwa intaneti. Tafuta maktaba ya Biodiversity Heritage Library ama Wikimedia Commons, andika Allium cepa kwa kitunguu maji, Allium sativum kwa saumu. Chukua faili kubwa kabisa, ile ndogo itatoka na ukungu. Peleka kwa saiba ama River Road, uliza karatasi nzito isiyong'aa. Fremu iko Gikomba, ama fundi wa mbao wa mtaa akuchongee. Kama landi hataki misumari, simamisha juu ya kabati, iegemee ukuta. Hakuna mtu atakudai kitu ukihama.

Najua kuna msee ameshaanza kuandika: kwani tunatundika wazungu tena? Swali fiti. Kwanza, kitunguu chenyewe si cha Ulaya. Asili yake ni Asia, na Misri ya kale walikuwa wanakila maelfu ya miaka kabla ya Thomé kuzaliwa. Lakini nakubali sehemu moja: hata hapa kwetu, kalamu ilikaa mkono mmoja kwa muda mrefu. Joy Adamson, yule wa simba Elsa, alifika Kenya 1937 na kabla ya simba alijulikana kwa kuchora mimea yetu. Mwaka wa 1947 alipewa medali London kwa hiyo kazi. Maua ni yetu, mlima ni wetu, aliyesifiwa ni mgeni. (Zake usiprinti ovyo. Alikufa 1980, na sheria ya Kenya inalinda kazi ya msanii miaka 50 baada ya kifo.)

Kwa hivyo Thomé ni mwanzo tu. Mtaani kuna wachoraji wanaopaka nyanya na vitunguu kwa kuta za vibanda, na wengine wamevalisha mathree za 58 za Buruburu hadi watalii wanapiga picha. Chukua kitunguu nyekundu ya Marikiti, ile imeshuka na lori kutoka Tanzania, umpelekee mmoja wao. Mwambie achore yote: mizizi, ganda, ile kijani imeanza kuchomoza. Chini aandike jina kwa Kiswahili. Na umlipe, usimwambie habari ya kumpa jina mtandaoni.

Tulikuwa tunapigana na bei ya kitunguu 2023 hadi tunapika na nusu. Kitu iliyotusumbua hivyo inastahili ukuta.

Wewe keja yako iko na nini ukutani?