Uyoga Si Tiba ya Kila Dhiki

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Majengo ya Pumwani hadi Eastleigh, kahawa na vidonge vya uyoga hupitishwa mkono kwa mkono. Muuzaji aghalabu ni jirani au jamaa, naye husema kwamba vitu hivyo huondoa wahaka, huleta usingizi na kurekebisha homoni za akina mama. Mnunuzi ni mama aliyeelemewa na kodi ya nyumba na karo ya watoto. Dhiki yake ni ya kweli. Je, tiba hiyo nayo ni ya kweli?

Hatusemi kwamba wataalamu hawakuona kitu. Mwaka 2010 huko Japani, wanawake 30 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa biskuti zenye unga wa yamabushitake, uyoga mweupe wenye nyuzi mfano wa singa za simba. La pili likapewa biskuti tupu. Baada ya wiki 4, waliokula uyoga walieleza kwamba huzuni na wahaka vimepungua. Hiyo ni habari njema, lakini watu 30 kwa mwezi mmoja ni ushahidi mchache mno. Ama reishi, ule utiwao katika kahawa, mengi yanayodaiwa juu ya homoni yametokana na majaribio ya maabara na ya panya. Panya si mama wa Majengo.

Wako wanaoleta hoja ya dini, wakitaja Hadithi ya kam'a iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Kam'a huchimbwa mchangani jangwani, na Hadithi hiyo yataja maji yake kwa ajili ya macho. Si haki kuitumia kuuzia kahawa. Tena Mwislamu yampasa aulize ganda la kidonge limetokana na nini, kwani jelatini nyingine ni ya nguruwe.

Uyoga ni chakula kizuri. Aupendaye na aule. Lakini reishi huweza kuzidisha nguvu ya dawa za kuzuia damu isigande, basi azitumiaye amwambie daktari wake. Na hedhi iliyovurugika, moyo kwenda mbio au kukonda bila sababu huweza kuwa ni maradhi ya tezi ya shingoni, ambayo hupimwa kwa damu na yana dawa. Mama angojaye kopo la tatu limalizike apoteza fedha, na wakati pia.

Wauzaji, semeni mlijualo tu. Nanyi akina mama, kapimweni kwanza. Mficha maradhi, kifo humuumbua.