Mchele wa Kyela: Jina linauza, mkulima hafaidi

NENDA Tandale, Manzese au soko lolote la nafaka jijini Dar es Salaam, uulizie mchele mzuri. Muuzaji hatakutajia kampuni, atakutajia wilaya. "Huu ni Kyela," atasema, na kwa neno hilo moja bei inapanda.

Jina hilo halikufika hapo kwa matangazo ya redio wala mabango ya barabarani. Kyela, wilaya ya mkoa wa Mbeya iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, imetangazwa na walaji wenyewe kwa midomo yao, nyumba hadi nyumba, kwa miaka mingi. Mfanyabiashara mdogo anayetaka ajulikane miongoni mwa wenzake wengi wanaouza kitu kile kile ana somo hapa, tena la karibu.

Suala la kujiuliza ni kwa nini watu waliusema mchele huu na si mwingine. Jibu liko puani. Mchele unaonukia hujitangaza ukiwa bado jikoni. Jirani anauliza leo mnapika nini, mgeni anauliza mmenunua wapi, na mwenye nyumba ana jibu la neno moja. Wenye biashara wengi wanapenda wateja wao waseme kwamba bidhaa ni "bora" na "ya uhakika". Maneno hayo yameandikwa kwenye kila duka, na hakuna anayeyabeba hadi nyumbani. Mtu hubeba kitu kimoja alichokinusa, alichokiona au alichotendewa.

Wakati mwingine biashara yenyewe humlazimisha mteja kuisema. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, aliyetuma fedha mjini alilazimika kumweleza mzazi wake kijijini jinsi ya kwenda kwa wakala kuzichukua. Kila aliyetuma akawa mwalimu wa huduma hiyo bila malipo. Si kila biashara ina bahati ya namna hiyo, lakini mchele unaonukia unaikaribia.

Sasa tuje kwenye tatizo. Jina la Kyela limekuwa kubwa kuliko mavuno ya Kyela, na mchele mwingi unaopewa jina hilo mjini haukutoka huko. Mbegu zinazonukia kama Supa hulimwa pia Morogoro na kwingineko, na huo si uongo mkubwa sana. Uongo hasa ni ule wa kuchanganya: mchele unaonukia kidogo, usionukia nusu, unapimwa kwa bei ya Kyela.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa tarakimu za kubuni. Mchele unaonukia unauzwa kilo moja shilingi 500 zaidi ya ule wa kawaida. Mwenye duka akichanganya kilo 40 za kawaida katika gunia la kilo 100, anapata shilingi 20,000 za chee. Gunia hilo linalisha familia nne zinazonunua kilo 25 kila mwezi. Kama faida yake halali ni shilingi 200 kwa kilo, kila familia inamwingizia shilingi 60,000 kwa mwaka. Familia moja ikihama, amepoteza mara tatu ya alichokipata kwa gunia lile.

Kwa hesabu hiyo, kuchanganya ni ujinga. Mbona basi unaendelea? Kwa sababu familia ile haimlaumu mwenye duka. Ikila wali usionukia inasema, "Mchele wa Kyela siku hizi umeharibika." Hasara inasafiri hadi kwa mkulima aliye Kyela, ambaye hakuuona mchele huo wala senti ya ziada iliyolipwa kwa jina lake. Sifa iliyotapakaa bila mwenyewe ni kama shamba la kijiji lisilo na mlinzi.

Kyela haiko peke yake. Wakulima wa pishori ya Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, wamelalamika muda mrefu kwamba mchele wao unachanganywa na wa bei nafuu kutoka nje. India ilikutana na hali hiyo kwenye chai ya Darjeeling. Mwaka 2004 jina hilo likawa la kwanza nchini humo kusajiliwa chini ya sheria inayolinda majina ya mahali bidhaa zinakotoka.

Kwa Tanzania Bara, alama za biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Jina la mahali peke yake kwa kawaida halipewi mtu mmoja kuwa alama yake, na ni haki lisipewe. Hata hivyo, kikundi cha wakulima au mwenye mashine ya kukoboa anaweza kusajili jina lake mwenyewe, kisha akaandika kwenye mfuko kwamba mchele umetoka Kyela. Mfuko wa kilo 5 au 10 uliofungwa, wenye jina, namba ya simu na tarehe ya kukoboa, unampa mteja mtu wa kumsifu. Unampa na mtu wa kumpigia simu akiuma jiwe.

Kuna kazi ya shambani pia, maana hata mchele halisi unaweza kufika bila harufu. Joto kali wakati wa kukausha huipunguza, na kukaa ghalani muda mrefu hali kadhalika. Mpunga unaovunwa ukiwa umekauka kupita kiasi hupasuka ukikobolewa na kutoa chenga nyingi. Unaohifadhiwa ukiwa na unyevu zaidi ya asilimia 14 huota ukungu. Anayeanika juu ya lami kwa sababu ni haraka anaunguza kile kile anachotaka kulipwa.

Kuhusu matangazo, kikundi kisianze na redio. Kiwatafute mama lishe kumi mjini, kila mmoja apewe mfuko wa bure wa kupikia siku moja yenye wateja wengi, na mfuko wenyewe ubaki mezani watu wausome. Mama lishe mwenye sufuria linalonukia saa sita mchana huulizwa maswali na watu wengi kuliko karani wa duka la jumla kwa wiki nzima. Gharama ni mifuko kumi. Kazi ngumu itakuja msimu ujao, pale wateja watakapozidi mchele uliopo na dalali akapendekeza mwingine "unaofanana".